Kuvuta Boti kwa Trela kutoka Mombasa hadi Kisumu: Dhana Potofu na Ukweli kuhusu Njia

Boti inayotoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria kwa trela husafiri kama kilomita 830. Huanzia usawa wa bahari, hupanda hadi nyanda za Limuru na Kinale, hushuka katika Bonde la Ufa, hupanda tena upande wa Mau hadi zaidi ya mita 2,400, kisha huteremka mpaka Kisumu, kwenye mita 1,131. Gari lenye nguvu litapanda. Shida ni kushuka, na wanaochagua njia kwa kuhesabu kilomita hugundua hilo wakiwa tayari katikati ya mteremko.

Dhana: Njia fupi ndiyo bora, na simu imeshaionyesha.

Ramani ya simu hupiga hesabu ya gari dogo lisilovuta kitu. Haijui kwamba nyuma yako kuna tani mbili, na boti ya fibaglasi ya futi 23 pamoja na mashine na trela hufika hapo bila shida.

Chukua Rironi, nje kidogo ya Nairobi, ambapo njia hugawanyika. Ya chini hushuka ukingo wa bonde hadi Mai Mahiu. Ya juu hupita Limuru, Kinale na mji mdogo uitwao Flyover, kisha Kinungi, ndipo ishuke Naivasha. Barabara ya Mai Mahiu ilichongwa na wafungwa wa vita wa Kiitalia miaka ya 1940. Hadi leo ni nyembamba, ina kona kali, na sehemu nyingi hazina pembezoni pa kusimama. Malori yamejaa humo, na msimu wa masika udongo na mawe huporomoka. Ukisimama na trela iliyopasuka tairi, umefunga barabara.

Kwa boti, pita juu. Mteremko wa Kinungi nao unataka heshima, lakini una nafasi zaidi, na unaweza kupumzika Flyover kabla ya kuuanza. Ubaya wa njia ya juu ni ukungu wa asubuhi, hasa Juni hadi Agosti. Tena ujenzi wa kupanua barabara kuanzia Rironi hadi Mau Summit ulizinduliwa mwishoni mwa mwaka 2025, kwa hiyo tarajia michepuko na uulize hali ya siku hiyo.

Dhana: Trela ina breki zake, kwa hiyo mteremko hauna neno.

Kosa hili ndilo huleta maafa. Trela nyingi za boti zina breki za kusukumwa: gari likipunguza mwendo, trela husukuma kichwa chake cha mbele, na msukumo huo ndio unaobana breki. Kwenye tambarare mfumo huu hufanya kazi vizuri. Kwenye mteremko mrefu, hata kama hujagusa pedali na umeshikilia gari kwa gia peke yake, trela bado inasukuma, na breki zake zinabana kidogo muda wote. Baada ya kilomita kadhaa unasikia harufu ya kuungua. Mafuta ya breki yenye umri mkubwa hunyonya unyevu, maji yaliyomo huchemka, na hapo trela haina breki tena.

Namna ya kushuka ni hii. Ingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza. Kwa kawaida ni ile ambayo ungepandia mlima huohuo. Chagua mwendo, tuseme kilomita 40 kwa saa. Ukifika 45, kanyaga breki kwa nguvu ya kutosha mpaka 35, kisha achia kabisa, ili breki za gari na za trela zipate sekunde za kupoa. Kuegemeza mguu kwenye pedali njia nzima huzipika. Ukifika kama nusu ya mteremko, simama panapokuwa na nafasi halali, na usogeze kiganja karibu na haba, yaani kitovu cha gurudumu, bila kuigusa kwanza. Joto linalokufukuza kabla hujagusa ni onyo, na safari isubiri.

Kwa anayekwenda Kisumu, mteremko mrefu kuliko yote unaanza Kericho: kutoka mita 2,000 hivi hadi uwanda wa Ahero ni zaidi ya mita 800 za kushuka. Kabla ya hapo uko Londiani Junction, ambapo mwezi Juni 2023 lori lilipoteza mwelekeo na kuua watu zaidi ya 50 waliokuwa kando ya barabara. Katika makutano ya namna hiyo pita polepole, hata kama huoni mtu.

Dhana: Ukipitia Narok unaikwepa Salgaa, kwa hiyo ni salama zaidi.

Salgaa hadi Sachangwan, kipande cha barabara kati ya Nakuru na Mau Summit, ina jina baya, na imelipata kwa vifo. Lakini angalia unaelekea wapi. Ukienda Kisumu, sehemu hiyo wewe unapanda. Wanaoshuka na mizigo ni malori yanayoelekea Nairobi. Hatari yako ni lori lililokosa breki likija upande wako, na kizuizi cha katikati kimepunguza hilo. Kaa kushoto, usilipite lori lolote, vumilia.

Njia ya Narok na Bomet inakulazimisha kushuka ukingo wa Mai Mahiu, halafu bado uuvuke Mau. Umebadilisha mlima unaoupanda kwa mwingine unaoushuka. Kwa trela ya tani mbili hiyo ni biashara ya hasara. Wakati wa kurudi na boti hesabu inageuka, na Salgaa ndiyo inakuwa mteremko wako.

Dhana: Mombasa hadi Nairobi ni tambarare, hapo hakuna kazi.

Mwinuko ni wa taratibu, kweli. Ila kati ya Voi na Mtito Andei jua na lami huchemsha matairi, na hapa ndipo tairi za trela hupasuka. Trela ya boti hukaa miezi bila kutembea; tairi huzeeka kabla ya kuisha kashata, yaani meno yake. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikishapita miaka sita, badilisha hata kama inaonekana mpya. Jaza upepo asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni mwake, na usiupunguze mchana kwa sababu umepanda. Umepanda kwa joto.

Beba tairi la akiba la trela yenyewe, maana la gari mara nyingi halilingani kwa boliti. Beba pia beringi za upande mmoja, sili yake (mpira unaozuia maji), grisi ya majini, na jeki inayofika chini ya ekseli.

Dhana: Safiri usiku, barabara ni tupu.

Si tupu. Malori na mabasi hukesha humo, na ndovu huvuka maeneo ya Tsavo. Taa za trela zilizokwisha kuzamishwa baharini huzima bila taarifa. Gawa safari: siku ya kwanza lala Athi River. Ya pili ondoka saa kumi na moja alfajiri, shika Southern Bypass hadi Kikuyu kabla ya foleni, unywe chai huko mpaka saa mbili, ukungu upungue. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 50 kwa saa utafika Kericho mchana, kabla ya mvua zake za jioni kulowesha mteremko.

Dhana: Mzigo ukikaa tezi (nyuma ya boti), gari linavuta kwa wepesi.

Linavuta kwa wepesi mpaka trela ianze kuyumba. Kichwa cha trela kinatakiwa kuegemeza kama asilimia 7 hadi 10 ya uzito wote; kwa tani mbili ni kilo 140 hadi 200, mradi gari linaruhusu. Sogeza nanga na minyororo kuelekea omo, yaani mbele ya boti. Matangi ya mafuta yawe karibu matupu, kwani lita 200 za petroli ni kama kilo 150. Toa nguruzi, kizibo cha tundu la kutolea maji, ili maji ya mvua yasijae ngamani, chini kabisa ndani ya boti. Inua mashine na uiegemeze kwenye mhimili unaoishikilia, la sivyo matuta yataitikisa mpaka ubao wa tezi upate ufa. Kaza mikanda baada ya kilomita 30 za kwanza, kisha kila kituo.

Dhana: Ukifika Kisumu, shusha boti mara moja.

Haba zimetoka kwenye mteremko zikiwa za moto. Zikizamishwa ghafla, hewa ya ndani hupoa, husinyaa na kuvuta maji kupitia sili hadi kwenye beringi, na kutu huanza kabla ya safari ya kurudi. Acha trela ipoe mpaka uweze kuziwekea kiganja bila shida, na urudishe nguruzi kabla gurudumu halijagusa ziwa.