Kipepeo wa msituni na mbawakawa wa mbao: tunayoyasema na yalivyo

"Kipepeo hula maua." Nenda msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi, utazame chambo cha wafugaji wa vipepeo: ndizi iliyooza mpaka ikachacha, ndani ya mtego wa chandarua ulioning'inizwa mtini. Vipepeo wa jenasi ya Charaxes, wale wenye mwili mnene wanaoruka kwa kasi, hawana haja na maua. Hunywa maji ya matunda yaliyovunda, utomvu wa mti uliojeruhiwa, hata kinyesi cha mnyama. Aliyezoea kuwaona kwenye kadi za harusi hapendi kuambiwa hili.

"Kuwakamata kunamaliza msitu." Ukweli ni kinyume. Tangu 1993 mradi wa Kipepeo pale Gede hununua pupa, yaani viwavi waliokwisha kujifunga ganda kabla ya kuwa vipepeo, kwa wakulima wa kando ya msitu na kuziuza kwenye mabanda ya maonyesho ng'ambo. Mkulima hukamata majike wachache, wakataga, akalea viwavi kwa majani. Msitu ukifyekwa, hana jike wala majani.

"Mbao ina vitundu, basi mdudu ndiyo kwanza anaingia." Hapa nami niliingia mkenge, kwa kitanda cha mwembe. Niliona vitundu kama vya sindano, na chini yake unga laini kama poda ya mtoto. Nikapiga vanishi, nikalala usingizi. Mwaka uliofuata vitundu vipya vikatokea juu ya vanishi ileile. Kumbe kitundu ni mlango wa kutokea! Jike wa mbawakawa alishataga zamani kwenye vinyweleo vya mbao, yaani mirija yake myembamba. Buu akatafuna wanga humo ndani kwa miezi, akageuka mbawakawa, ndipo akatoboa. Vanishi huzuia kutaga upya, aliyemo haimhusu. Wapendacho ni mbao nyeupe ya nje, kiini hawakigusi. Wala si mchwa: mchwa huacha udongo.

"Mmoja pambo, mwingine mharibifu." Wote hupita njia moja: yai, buu, pupa, mdudu mzima, na kwa wote mlafi ni mtoto. Mabuu ya mbawakawa msituni husaga magogo yaliyoanguka, na matundu yao yakawa nyumba za nyuki wapweke. Kwenye mche wako wa mlimau, anayeumaliza majani ni kiwavi wa kipepeo. Akiwa mchanga humtambui, maana anafanana kabisa na kinyesi cha ndege.