Emily Kame Kngwarreye na dhana ya "vidoti vya kale"

Wengi huamini kwamba sanaa ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, ni vidoti, na kwamba vimechorwa kwenye turubai tangu enzi na enzi. Sivyo. Uchoraji wa jangwani kwa akriliki, rangi za kisasa za dukani, ulishika mizizi katika makazi ya Papunya mwaka 1971. Cha kale ni maarifa yanayochorwa, na mifano bora ni kazi za mchoraji Emily, mwanamke wa kabila la Anmatyerre aliyezaliwa Alhalkere, eneo la Utopia, mnamo 1910 hivi.

Turubai yake ya kwanza ilikuwa mwili. Katika awelye, ibada ya wanawake, udongo wa rangi huchanganywa na mafuta, kisha hupakwa kwa mistari kifuani na mabegani. Mwaka 1977 akaingia kwenye batiki, kazi ngumu: tone la nta ya moto likianguka pasipotakiwa halifutiki, na kitambaa lazima kichemshwe ili nta itoke. Akriliki aliishika akikaribia miaka 80.

Tazama mchoro wake Big Yam Dreaming (1995; "yam" ni kiazi), karibu mita 3 kwa 8. Hakuna kidoti hata kimoja! Ni mistari myeupe juu ya weusi, iliyosukana kama mizizi. Na ndiyo mizizi yenyewe, ya mmea ambao, licha ya kuitwa kiazi, ni wa jamii ya kunde. Viazi vikinenepa chini, ardhi hupasuka juu, na wanawake hufuata nyufa hizo kuchimba. "Kame", lililomo katika jina lake, ni mbegu za mmea huohuo. Kwa hiyo kuiita kazi hii uigaji wa sanaa dhahania ya Ulaya, isiyochora vitu halisi, ni kosa kubwa.