Kukopeshana shingo

Saa kumi na moja jioni. Ukumbi ni wa chama cha maveterani, mtupu, viti vya kukunja bado vimeegemezwa ukutani. Vijana wawili wanakutana pembeni ya ulingo, wanapeana mikono, wanatajiana majina. Hawajawahi kuonana. Saa mbili usiku mmoja wao atambeba mwenzake mabegani na kumbwaga chini kwa mgongo mbele ya watu kama mia na ishirini. Kabla hawajapanga lolote, mkubwa anauliza: "Shingo yako ikoje leo?" Mdogo anageuza kichwa kulia, anageuza kushoto, anasema kulia kunakaza kidogo. "Basi ile ya kichwa tuiache." Wanaendelea na mengine.

Mimi ni refa wa mieleka. Si ile ya Olimpiki; ni hii ya ukumbini, ambayo nyumbani tuliitazama kwenye vibanda umiza tukibishana kama Undertaker alifufuka kweli au la. Mwaka wa kumi na moja sasa nafanya kazi hii Ohio, Marekani, na majimbo ya jirani, wikendi tu. Jumatatu hadi Ijumaa nina kazi nyingine, ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Jamaa zangu wa Morogoro wakinitumia ujumbe wa sauti kuniuliza kama "kile kitu ni cha kweli", huwa nawajibu vipande vipande nikiwa kwenye foleni. Leo nimekaa, acha niandike.

Matokeo yanapangwa. Nani atashinda na kwa mtindo gani, anaamua promota, na mimi naambiwa kabla. Ulingo wenyewe ni mihimili ya chuma, juu yake mbao, juu ya mbao sponji nyembamba isiyofika hata nusu ya unene wa godoro la bweni, kisha turubai. Mbao zinapiga kelele kwa sababu chini ni wazi, ndiyo maana anguko linasikika mpaka mlangoni. Kamba, kwenye kumbi nyingi ndogo ninazofanyia kazi, ni waya wa chuma uliopitishwa ndani ya mpira wa maji na kuzungushiwa tepu. Mwanafunzi mpya akizikimbilia wiki ya kwanza, ubavu chini ya kwapa unakuwa wa zambarau kama bilinganya. Hakuna anayeigiza hilo.

Mwanamieleka asiye na kampuni, kwa lugha ya Dar, ni deiwaka. Hana mkataba na WWE wala AEW, kampuni mbili kubwa za mieleka Marekani. Anaitwa usiku mmoja, anafanya, anapewa bahasha, anaondoka. Bima ya afya hana, labda aipate kwenye kazi yake ya mchana. Nawajua walimu, madereva wa malori, muuguzi mmoja anayetoka zamu ya usiku na kuja moja kwa moja ukumbini, akiwa na mkoba wa buti begani. Mshindi na mshindwa hulipwa kwa kadiri ya majina yao, si kwa matokeo. Anayeanza akipata dola 25 na soda ashukuru. Wakongwe wana msemo wao kwamba malipo ya mwanzo ni soseji kwenye mkate na kushikwa mkono. Mafuta ya gari ni juu yake. Ndiyo maana wanasafiri wanne wanne kwenye gari moja. Ukitaka kujua mwanamieleka anaheshimika kiasi gani, usiangalie mikanda yake ya ubingwa, angalia kama kuna anayekubali kukaa naye saa sita barabarani.

Nilishawahi kukimbiwa na promota, jina namsitiri. Tulimaliza mechi ya mwisho, tukavua, tukasubiri chumba cha kubadilishia nguo. Tukasubiri. Kijana wa kuuza tiketi ndiye aliyekuja kutuambia kwamba bosi "ametoka kidogo" na sanduku la hela. Tulikuwa kumi na wanne. Tulifungua ulingo wenyewe, tukaupakia, na mmoja wetu aliyekuwa ametokea mbali kuliko wote akacheka mpaka akakaa chini.

Pesa yenyewe, kama ipo, iko kwenye meza ya fulana. Mapumziko yakifika utawaona wote, steringi na adui, wamesimama nyuma ya meza za plastiki wanauza fulana na picha za kusaini. Adui hapo ana kazi ngumu: dakika kumi zilizopita amemtukana bibi wa safu ya mbele, sasa anamuuzia picha kwa dola 10. Wapo walioifikisha meza hiyo mbali. Ndugu wawili wa California wanaojiita Young Bucks waliuza fulana mpaka zikaingia kwenye maduka ya Hot Topic nchi nzima. Septemba 1, 2018, wao na Cody Rhodes, mwanamieleka aliyekuwa ameiacha WWE miaka miwili nyuma, waliandaa onyesho la All In karibu na Chicago, wakaingiza watu 11,263. Ilikuwa mara ya kwanza tangu miaka ya tisini kwa onyesho la Marekani lisilo la kampuni kubwa kuvuka watu elfu kumi. Miezi minne baadaye AEW, waliyoshiriki kuianzisha, ikatangazwa. Lakini nisiwadanganye, kwa kila Young Bucks kuna watu elfu wenye maboksi ya fulana za saizi ndogo zisizonunuliwa, chini ya kitanda.

Mfano ninaopenda kuutumia wa deiwaka aliyefika mbali ni Bryan Danielson. Wengi mnamjua kwa jina la Daniel Bryan, yule mwenye ndevu aliyepigwa na Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, Aprili 2019, siku ambayo Afrika nzima ilishangilia. Kabla ya jina hilo alikuwa na miaka kumi ya kumbi kama hizi zangu. Alizaliwa 1981 Aberdeen, jimbo la Washington, mji wa mbao na mvua. Akiwa na miaka 18 akaenda San Antonio, Texas, kwenye shule ya mieleka ya Shawn Michaels, nyota wa WWE, na mwaka huohuo, 1999, akapanda ulingoni.

Alianza wakati mbaya, au mzuri, inategemea unaitazamaje. Mwaka 2001 WCW, kampuni kubwa ya mieleka, ilinunuliwa na mshindani wake, ambayo leo ni WWE; ECW, iliyokuwa ndogo zaidi, ikafa, na ghafla ikabaki kampuni moja kubwa na mamia ya watu wasio na pa kwenda. Pengo hilo ndilo lililozaa kampuni ndogo ya Ring of Honor. Onyesho lake la kwanza lilifanyika Philadelphia, Februari 2002, kwenye ukumbi wa michezo wa mtaa, na mechi kuu ilikuwa ya watu watatu: Low Ki, Christopher Daniels na Danielson. Hapakuwa na moshi wala taa za rangi. Waliamua kuuza mieleka yenyewe: mikono inavyoshikana, kiungo kinavyopindwa, pumzi inavyokata. Kanda za video zikasambaa kwa posta. Danielson alishika mkanda wa hapo kwa siku 462, kuanzia Septemba 2005. Katikati akafanya kazi Japani, na Uingereza kwenye kambi za likizo, mbele ya familia zilizokuja kuogelea.

Agosti 2006, Chicago Ridge, karibu na Chicago, alikuwa akiutetea mkanda huo dhidi ya Colt Cabana. Mechi ilipangwa iishe sare baada ya dakika 60. Dakika kama ya tano bega likatoka. Akamaliza saa nzima. Mashabiki husimulia habari hii kama ushujaa wa mtu mmoja, na hapo ndipo refa huwa nabishana nao. Dakika hamsini na tano na bega bovu haziwezekani bila mpinzani kujua liko wapi, akaligusa pale tu lilipoweza kuguswa, akaangukia upande mwingine, akashika mkono mwingine. Cabana aliibeba mechi ile kwa kutofanya mambo mengi ambayo angeweza kuyafanya. Kazi hiyo haionekani, na watu hawanunui fulana kwa sababu yake. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo ndiyo inayomfanya mtu aitwe tena.

Mimi nashiriki hapo kwa namna ndogo. Kila baada ya anguko kubwa mnaniona nikipiga magoti na kumshika aliyelala mkono, mnadhani namuuliza kama anasalimu amri. Nasubiri anibane vidole. Akibana, yuko salama, nainuka na kumkaripia mwenzake kama kawaida, na njiani nampenyezea sikioni: "Dakika nne zimebaki." Asipobana, nambana mimi tena. Kimya? Naikunja mikono juu ya kichwa kama herufi X, muziki unakatwa, na maigizo yameishia hapo. Nimeipiga X mara tatu kwa miaka yote hii. Mara ya pili kijana alikuwa macho wazi kabisa, ananitazama, na mkono wake kwenye wangu ulikuwa mzito kama samaki. Aliamka baada ya muda, akaniuliza kama ameshinda.

Danielson aliingia WWE 2009. Juni 2010 wakamfukuza kwa kumkaba mtangazaji kwa tai yake mwenyewe mbele ya kamera. Akarudi kumbi ndogo, na mashabiki wakamtupia tai ulingoni. Agosti alishaitwa tena WWE. Aprili 2014, New Orleans, akashinda mechi mbili usiku mmoja na kubeba mkanda mkubwa. Februari 2016 akastaafu kwa sababu ya kichwa, akiwa na miaka 34. Siku hiyo, Seattle, alisema jambo ambalo nadhani kila mwanafunzi wa kazi hii angelazimishwa kulisikia: kwamba ndani ya miezi mitano ya kwanza ya kazi yake, akiwa kijana wa miaka 18, ubongo ulikuwa umeshatikisika mara tatu. Yaani deni lililomfukuza kwenye viwanja vya watu elfu sabini alilikopa kwenye kumbi zisizojaa, kwa malipo yasiyotosha kununua buti. Madaktari walimruhusu kurudi 2018. Alikwenda AEW, akatwaa mkanda wao Wembley, Agosti 2024, na Oktoba hiyohiyo akaupoteza Tacoma, jimbo alilozaliwa. Safari hii ni shingo iliyomtoa kwenye kazi ya kila wiki.

Siku hizi shule iliyo karibu nami ina kijana mmoja wa Goma, amekulia Dayton, huku Ohio, tangu darasa la tano. Siku ya kwanza alinisikia nikiongea na simu, akanifuata mpaka kwenye gari. "Papa, weye ni wa kwetu?" Nikamwambia mimi wa Tanzania, lakini karibu. Akaniambia kwao mchezo huu unaitwa keche, mchezaji wake catcheur, na wengine wanapigana kwa dawa: "Catcheur anaingiaka na dawa yake, anakupulizia, unaanguka wenyewe." Nikamwambia hapa pia unaanguka wenyewe, tofauti ni kwamba unalipia masomo. Na kweli analipia, dola elfu kadhaa kwa awamu, kutoka kwenye mshahara wa ghala.

Miezi miwili ya kwanza hakufundishwa pigo hata moja. Alianguka tu. Kidevu kifuani, pumzi itoke, viganja vipige turubai sawia na mabega, kisogo kisiguse. Tena. Nilikaa pembeni jioni moja nikamhesabia mpaka sitini, nikachoka kuhesabu. Alikuwa na kosa moja, anafumba macho, na ukifumba macho kidevu kinainuka. Mwalimu akamwekea sarafu kati ya kidevu na kifua, ikidondoka anaanza upya. Wiki ya tisa sarafu ilibaki. Mwezi uliopita alifanya mechi yake ya kwanza, dakika sita, akapoteza kama ilivyopangwa, bahasha ikawa na dola 20. Mafuta yalimla 30. Nilipombana mkono baada ya lile anguko la mwisho alinirudishia kwa nguvu mpaka nikakunja uso, na bibi wa safu ya mbele akadhani na mimi nimeumizwa.

Tatizo ni kwamba mama yake hajui. Kwa mama, jioni zote hizo kijana yuko mpirani. Sasa ameniomba niende kumwambia, kwa kuwa mimi ni mtu mzima na nazungumza lugha yao, japo ya kwangu wanasema ni ya vitabu. Nimekubali. Jumapili baada ya ibada nakwenda, na nimeahidiwa sombe, yaani kisamvu, na fufu, ugali wao. Najua mama huyo hataniuliza habari za mikanda. Ataniuliza kichwa cha mwanawe, na bado natafuta maneno ya Kiswahili cha Goma ya kumweleza ile sarafu.