Mizani ya langoni haihesabu safari: maswali kuhusu mzigo na mwili

Msimu wa kupanda Mlima Kilimanjaro ukianza, chumba chetu cha mazoezi ya viungo hapa Moshi hujaa watu wenye swali la mzigo. Nimechagua maswali manne. Yote yanahusu mkazo, na sisemi stresi za ada ya shule. Nasema nguvu inayobana, inayovuta au inayopinda kitu, kiwe nondo, kano au mfupa.

Shikamoo daktari. Mimi ni mpagazi, huu mwaka wa tatu. Nimepanda safari tatu mfululizo, nashuka leo napanda keshokutwa. Ugoko wa kulia unauma mahali pamoja na wala sikuanguka. Ni nini?

Marahaba, mdogo wangu, ila mimi si daktari, ni mtu wa fiziotherapia. Kwanza tafuta kipande cha waya wa kufungia nondo. Ukunje, uunyooshe, ukunje tena palepale. Mara ya kwanza haujali. Endelea, kisha gusa pale penye kunjo: pana joto. Punde unakatika, tena kwa nguvu ileile ambayo mwanzo haikuufanya kitu. Karne ya 19 Mjerumani mmoja wa mambo ya reli, August Wöhler, alishughulika miaka mingi na ekseli za mabehewa zilizokuwa zikivunjika hivyohivyo, bila kuzidishiwa uzito. Chuma huchoka.

Mfupa nao huchoka. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, aliandika juu ya askari waliovimba miguu kwa sababu ya kutembea tu. Baadaye picha za eksirei zilionyesha kwamba ndani ya miguu ya namna hiyo mna nyufa.

Ila waya haujitibu, mfupa unajitibu. Una mafundi wake: seli zinazobomoa sehemu iliyochakaa, na nyingine zinazokuja nyuma kujenga. Kubomoa huchukua kama wiki tatu. Kujenga huenda hadi miezi mitatu. Mtego uko katikati hapo: ukuta umeshabomolewa, tofali mpya hazijakomaa, na wewe umeshajitwika begi la mgeni.

Sasa jipime. Ukiweza kuonyesha maumivu kwa ncha ya kidole kimoja, na ukibonyeza hapo unaruka, na usiku yanakuamsha, mimi nahofia ufa. Yakiwa yametapakaa kwenye ugoko kama kiganja kizima, mara nyingi ni ngozi ya mfupa na misuli vimekasirika tu. Nenda hospitali ukapimwe, na ukiambiwa eksirei ni safi usishangilie haraka, maana wiki mbili tatu za mwanzo ufa wa aina hii mara nyingi hauonekani. Ukithibitika, mguu unahitaji wiki sita hadi nane bila mzigo. Najua usipopanda hulipwi. Kikomo cha kilo 20 kinachopimwa kwenye lango la mlima ni kinga nzuri kwa wagumu wetu, yaani wapagazi, lakini mizani haihesabu umepanda mara ngapi mwezi huu. Hesabu hiyo ni yako.

Kwa nini kupanda nahema tu, lakini kushuka njia ya Mweka ndiko kunakoniua magoti na mapaja?

Kutoka kambi ya Barafu hadi lango la Mweka unashuka karibu mita 3,000. Ukipanda, msuli wa paja hujifupisha na kukusukuma juu. Ukishuka, msuli huohuo unakaza huku unavutwa urefuke, kama mtu anayeachia kamba ya ndoo kisimani polepole. Kazi hii ya breki huchana nyuzi ndogondogo za msuli. Ndiyo maana siku unayofika unacheka na wenzako, na siku ya pili unashuka ngazi za nyumbani kinyumenyume! Hayo huisha yenyewe. Goti ni habari nyingine: kila hatua ya kushuka hulibebesha uzito wa mwili wako mara kadhaa, achilia mbali begi. Piga hatua fupi, goti likunjwe kidogo, na tumia fimbo. Vijana huona fimbo ni ya wazee. Shauri yao.

Mama yangu hubeba mkungu wa ndizi kichwani toka Marangu ya juu hadi sokoni. Shingo yake itaharibika? Na supu ya makongoro itaimarisha mifupa?

Mzigo uliokaa wima juu ya uti wa mgongo si adui mkubwa kama ule unaoinuliwa mgongo ukiwa umepinda. Ngata nayo ina maana yake: uzito uleule ukienezwa kwenye eneo pana, kila sehemu ya ngozi inabanwa kidogo. Ninachoogopa ni utelezi, na namna anavyoutua. Atafute wa kumtua. Akianza kufa ganzi mikononi au kuangusha vitu, hospitali, bila kungoja gulio lipite.

Makongoro ni matamu, tumbo huyasaga kama nyama nyingine yoyote, wala hayaendi moja kwa moja kwenye goti. Dagaa wa kuliwa na mifupa yao wana kalisi zaidi.

Babu amevunjika nyonga, familia inasema asiguswe, apumzike. Ni sawa?

Hapana, labda daktari wake awe ametoa sababu. Mfupa usiobeba kitu hubomolewa bila kujengwa. Wanaanga, watu wazima wenye afya, hupoteza takriban asilimia moja ya mfupa wa nyonga kila mwezi kwa kuelea tu. Babu aliyelala chali naye hana mzigo mifupani, lakini visigino na makalio vinabanwa mahali palepale mpaka damu haipiti. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, hata usiku, na muulizeni daktari lini aanze kusimama. Wekundu hauonekani vizuri kwenye ngozi yetu, kwa hiyo usitegemee macho: pitisha mgongo wa mkono kwenye kisigino chake, ukisikia pamepata moto au pamekuwa pagumu kuliko upande wa pili, pandisha mguu kwenye mto kisigino kining'inie hewani, na umwite muuguzi leo.