"Dokta, nichome tu ile sindano"

Wiki hii ni wa tatu. Mama anayepasua sangara pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, kaingia ameshikilia kiwiko cha kulia. "Baridi yabisi hii, dokta. Nichome ile sindano, kesho niwahi mitumbwi." Kumbe alishachomwa kwingine. Kiwiko kikatulia wiki kadhaa, akarudi kwenye kisu kwa pupa, na sasa hata birika la chai halinyanyuki.

Si baridi. Ni kiwiko cha tenisi, ingawa raketi hajawahi kuigusa. Nikamwambia anyooshe mkono, akunje ngumi na kuipandisha huku nikiikandamiza. Akaruka! Sikuhitaji eksirei.

Inayouma ni kano inayofunga misuli ya kuinua kiganja kwenye mfupa uliotokeza upande wa nje wa kiwiko. Hapo ndipo ninapochoshwa: "Lakini mimi siinui kiganja, nashika kisu." Haya, bana mkono kwa vidole chini kidogo ya kiwiko, upande wa nje, kisha kunja ngumi kwa nguvu. Umesikia msuli ulivyojikaza? Bila huo kifundo cha mkono kingelegea na kisu kikaponyoka. Kila sangara anayepasuliwa, kano inavutwa.

Ile sindano ni ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe; inatuliza, sikatai. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2006 ulionyesha hivyo: wiki ya 6 waliochomwa walikuwa mbele. Mwaka ulipotimia walikuwa wamepitwa na waliofanya mazoezi na kutibiwa kiwiko kwa mikono, na zaidi ya nusu yao maumivu yaliwarudia. Nyuzi za kano zimevurugika. Kutulia kwa maumivu hakuzisuki upya.

Kwa hiyo chupa ya maji ya nusu lita. Ishike, mkono juu ya meza, kiganja kikipita ukingo na kutazama chini, ishushe polepole ukihesabu hadi nne, mkono mwingine uirudishe juu. Ndoo ibebwe kiganja kikitazama juu. Mpini wa kisu nimeuzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli unenepe. Vidole vikifa ganzi au kiwiko kikivimba, hayo ni mengine, njoo upimwe.

Nikiri jambo: wengi hupona ndani ya mwaka hata wasipofanya lolote. Kuna siku najiuliza kama aliyeponya ni chupa yangu au kalenda.

Mama kaondoka na chupa, amenuna. Mlangoni kanisikilizisha akimnong'oneza mwenzake: "Huyu hana dawa."