Usimwache Alale: Maswali Kuhusu Opioidi, Narcan na Fedha za Jimbo la Ohio

Sisi tunaofanya kazi ya afya kati ya Wakongo, Wakenya, Watanzania na Warundi wa Columbus na Dayton, hapa Ohio, Marekani, tunaulizwa maswali haya kila mahali: nje ya kanisa, kwenye maegesho ya ghala baada ya zamu, na mara nyingi mno msibani. Nimeyajibu hapa yale yanayorudi kila mara. Kuna jibu moja nimelirudia kwa makusudi.

Opioidi ni nini?

Ni dawa za jamii ya afyuni. Humo mna za hospitali kama mofini, oksikodoni na hidrokodoni. Mna heroini, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la unga. Na sasa mna fentanili, ambayo nguvu yake ni kama mara 50 ya heroini. Zote zinatuliza maumivu, na zote zikizidi mwilini zinazima upumuaji. Aliyezidisha dozi anakufa kwa kukosa hewa. Mkilishika hilo, majibu mengi yanayofuata yatajieleza.

Huo ni ugonjwa kweli, au ni tabia mbaya tu?

Ni ugonjwa, una dawa, na dawa zake zinafanya kazi. Mwili uliozoea opioidi ukizikosa unaingia arosto: kutapika, kuharisha, mifupa kuuma, kutolala usiku kucha. Kwa vitisho pekee hatoki huko mtu. Mjadala huu naufupisha kwa sababu nimeona unavyoendelea sebuleni wakati mgonjwa yuko peke yake chumbani.

Kijana karudi usiku, kalala, anakoroma kwa sauti ya ajabu. Tumwache alale, tuongee naye asubuhi?

Hapana. Jaribuni kumwamsha sasa hivi.

Mkoromo mzito wenye kukwama, kama mtu mwenye maji kooni, kwa mtu aliyetumia opioidi ni dalili kwamba njia ya hewa inaziba na pumzi zinapungua. Mwiteni jina lake kwa nguvu. Sugueni katikati ya kifua chake kwa vifundo vya vidole, mkandamize haswa. Tazameni midomo na kucha: kwa mtu mweusi rangi haigeuki bluu kama picha za kwenye mabango zinavyoonyesha, inakuwa ya kijivu au ya majivu, kwa hiyo angalieni ndani ya mdomo na kwenye fizi. Mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano. Haamki? Pigeni 911, namba ya dharura, mpulizieni puani Narcan, dawa inayorudisha pumzi zilizozimwa na opioidi, na mpeni pumzi kwa mdomo.

Familia nyingi zinatusimulia jambo lile lile: “Tulimsikia anakoroma, tukasema angalau amelala.” Wengine wanamfunika blanketi na kuzima taa, kwa upendo kabisa. Akiwa hakoromi tena, wanadhani sasa usingizi umekuwa mtamu. Jamani, mlimsikia. Mlikuwa na muda. Usimwache alale.

Tukimmwagia maji baridi, au tukimnywesha maziwa?

Hapana, na hapana. Maji baridi hayarudishi pumzi. Maziwa kwa mtu asiye na fahamu yanaingia kwenye mapafu. Chumvi, kahawa, ndimu, kumpiga makofi, kumtembeza huku na huku: dakika zote hizo ubongo wake haupati hewa, na ubongo hauvumilii hivyo kwa muda mrefu.

Narcan inatumikaje? Sisi si manesi.

Huhitaji kuwa nesi. Dawa yenyewe inaitwa naloksoni, na Narcan ni jina la biashara. Mlaze chali, inua kidevu ili njia ya hewa ifunguke, ingiza kichupa kwenye tundu moja la pua mpaka mwisho, bonyeza mara moja. Mpe pumzi kwa mdomo, moja kila sekunde tano. Baada ya dakika mbili au tatu kama hapumui vizuri, tumia kichupa cha pili kwenye tundu la pili. Akianza kupumua mgeuze ubavu ili asipaliwe na matapishi.

Kama ulikosea, na mtu huyo hakuwa ametumia opioidi, naloksoni haitamdhuru. Kwa hiyo usikae ukijiuliza.

Ameamka, amekasirika, anasema yuko sawa na anataka kurudi kulala. Basi imekwisha?

Haijaisha. Naloksoni inafanya kazi kwa dakika 30 hadi 90, na opioidi iliyomo mwilini inaweza kudumu kuliko hapo. Inapokwisha nguvu, pumzi zinaweza kuzimika mara ya pili, na mara hii kila mtu ameshatulia na kurudi kitandani. Kaeni naye mpaka gari la wagonjwa lifike. Atawatukana, arosto ya ghafla inauma. Usimwache alale peke yake hata akikuapia.

Hiyo Narcan inagharimu kiasi gani? Dukani tuliona ni ghali.

Dukani inauzwa bila cheti cha daktari tangu mwaka 2023, na boksi la vichupa viwili lilianza kwa bei ya karibu dola 45. Lakini katika jimbo la Ohio huna haja ya kuinunua. Kuna mpango uitwao Project DAWN, ulioanzia mwaka 2012 huko Portsmouth, mji mdogo kando ya mto Ohio ambao uliharibiwa na kliniki zilizouza vidonge vya maumivu kama karanga. Leo mpango huo unagawa naloksoni bure katika idara za afya za kaunti, na unaweza kuagiza iletwe nyumbani kwa posta kupitia tovuti ya jimbo, naloxone.ohio.gov. Mtu haulizwi kama ana bima, wala haulizwi ni nani mgonjwa nyumbani kwake.

Nasema hivi kwa sababu kila nyumba ninayoingia ina kizima moto jikoni, na haina Narcan.

Fedha hizo anatoa nani? Hakuna kitu cha bure Amerika.

Swali zuri, na mashaka nayaelewa. Si bure, imeshalipwa, na kwa sehemu kubwa imelipwa kwa misiba ya watu wengine. Mwaka 2021 pekee Ohio ilizika zaidi ya watu 5,000 waliokufa kwa kuzidisha dozi za dawa.

Fungu la kwanza linatoka Washington, yaani serikali kuu. Sheria iliyopitishwa Desemba 2016 ilitenga dola bilioni moja kwa miaka miwili kwa ajili ya majimbo kupambana na opioidi, na tangu 2018 kuna ruzuku nyingine inayoendeleza kazi hiyo. Jimbo linapokea, kisha linagawa kwa bodi za afya ya akili na uraibu zilizopo kwenye kaunti, na bodi hizo zinalipa kliniki.

Fungu la pili ni la kesi. Majimbo na kaunti zilizishtaki kampuni zilizotengeneza na kusambaza vidonge. Mwaka 2021 wasambazaji watatu wakubwa, McKesson, Cardinal Health na AmerisourceBergen, pamoja na Johnson & Johnson, walitangaza makubaliano ya kulipa hadi dola bilioni 26 bila kukiri kosa. Wasambazaji wanalipa kidogo kidogo kwa miaka 18. Cardinal Health makao yake ni hapa Dublin, pembeni tu mwa Columbus. Ohio ilikubaliana na miji na kaunti zake mgawo wa namna hii: asilimia 55 inakwenda kwenye mfuko uitwao OneOhio Recovery Foundation, asilimia 30 kwa serikali za mitaa, na 15 kwa jimbo. Mfuko wa OneOhio unatoa ruzuku kwa vikundi vya matibabu na kinga. Makanisa, misikiti na vyama vyetu tunalalamika kwamba hatukumbukwi, lakini maombi ya ruzuku hatuandiki. Hilo nalo tuliseme.

Fungu la tatu ndilo kubwa kwa mgonjwa mmoja mmoja: Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Ohio iliipanua mwaka 2014, chini ya gavana John Kasich, ikaingiza watu wazima wenye kipato kidogo hata kama hawana watoto. Kwa kundi hilo, katika kila dola 100 za matibabu, Washington inalipa 90 na jimbo 10. Na tangu Oktoba 2020 Medicaid ya kila jimbo inatakiwa kulipia dawa za kutibu uraibu wa opioidi, yaani methadoni, buprenofini na naltreksoni, zote tatu.

Hatuna bima. Tusubiri mpaka tupate?

Msisubiri. Piga simu kwa bodi ya kaunti yako, uliza kliniki inayopokea wasio na bima. Kazi ya fedha nilizozitaja hapo juu ndiyo hiyo. Mnasubiri barua ya bima mwezi mzima, na fentanili haisubiri barua.

Jambo la kuwa nalo macho: sheria iliyosainiwa Julai 2025 inabana Medicaid kwa wageni. Kuanzia Oktoba 1, 2026, mkimbizi ambaye bado hajapata grini kadi, yaani kibali cha ukaaji wa kudumu, anaondolewa katika kundi linalostahili. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba grini kadi baada ya kukaa mwaka mmoja. Kama fomu zako ziko droo ya jikoni chini ya bili za umeme, zitoe leo.

Tukipiga 911 polisi watakuja. Na sisi ni wageni hapa.

Pigeni. Polisi wanaweza kuja, ndiyo, na wengi wao wanabeba Narcan. Tangu 2016 Ohio ina sheria inayomkinga anayeita msaada, na aliyezidiwa mwenyewe, wasishtakiwe kwa kiasi kidogo cha dawa kilichokutwa pale. Ina masharti: haimkingi muuzaji, na anayenufaika anatakiwa kwenda kupimwa na kupewa rufaa ya matibabu ndani ya siku 30.

Sheria za uhamiaji ni jambo jingine. Ni za Washington, na ni kali kwa kesi za dawa za kulevya. Kwa hiyo kama kuna mashtaka yoyote, usikiri kitu mahakamani kabla ya kuongea na wakili wa uhamiaji. Lakini hilo ni la kesho kutwa. Usiku huo, aliye hai ana kesi. Aliyeachwa alale hana hata kesi.

Methadoni si kubadilisha unga kwa unga?

Hapana. Anayetumia methadoni au buprenofini kwa mpango wa kliniki, hatari yake ya kufa inapungua kwa takribani nusu. Anaamka, anakwenda kazini, analea watoto. Mtu wa kisukari anatumia insulini miaka na hakuna mchungaji anayemwambia aache ili athibitishe imani yake.

Tangu mwisho wa 2022 kibali maalumu cha kuandika buprenofini kiliondolewa, hivyo hata daktari wa kawaida wa familia anaweza kuiandika. Methadoni bado ni ya kliniki maalumu, ila kanuni za 2024 zinaruhusu mgonjwa aliyetulia kupewa dozi za kwenda nazo nyumbani, hadi za siku 28 baada ya mwezi wa kwanza. Zifungie kwa kufuli. Dozi ya baba inaua mtoto.

Tumeamua tumrudishe Kongo (au Kenya, au Tanzania) akae kijijini miezi sita. Si atapona?

Mwili utapoteza mazoea, na hiyo ndiyo hatari. Akirudi Dayton na kutumia kipimo alichokuwa akitumia zamani, kinamuua. Ni vivyo hivyo kwa anayetoka jela, na kwa anayefungiwa chumbani wiki mbili na wajomba zake. Maombi fanyeni, mimi mwenyewe naomba, ila yafanyeni huku mgonjwa ana dawa mfukoni na miadi ya kliniki kwenye simu. Na kama lazima asafiri, kliniki imwandikie barua na kumpangia dawa kabla, asikatishwe dawa uwanja wa ndege.

Watu wa jamii wakijua?

Kliniki inabanwa na sheria ya siri ya matibabu ya uraibu, iliyo kali kuliko ya magonjwa ya kawaida. Omba mkalimani wa kliniki, hulipii. Kama humtaki Mswahili mwenzako anayekujua, omba wa simu kutoka jimbo lingine. Tafadhali msimtumie mtoto wa miaka kumi kutafsiri uraibu wa kaka yake.

Kuhusu kinga, tufanye nini nyumbani?

Acheni kugawiana vidonge. Mama ameng'olewa jino, amebakiza oksikodoni sita, anampa jirani anayeumwa mgongo: ndivyo wengi wanavyoanza. Mabaki yarudisheni kwenye sanduku la kutupia dawa, yapo kwenye maduka mengi ya dawa na vituo vya polisi. Waambieni vijana kwamba kidonge cha bluu chenye alama ya M30 kilichonunuliwa kwenye simu si cha duka la dawa. Kuna uwezekano mkubwa ni fentanili.

Kiingereza changu ni kidogo. Nikipiga 911 niseme nini?

Anwani kwanza, na namba ya nyumba, hata kama umesahau mengine yote. Kisha “not breathing”, yaani hapumui. Kisha “Swahili”, wakuunganishe na mkalimani. Weka simu kwenye spika, iache sakafuni, endelea kumpa pumzi. Mtu mmoja ashuke akafungue mlango wa chini na kusimama barabarani, maana vyumba vyetu vingi viko nyuma ya jengo na gari la wagonjwa hupoteza muda kutafuta lango.