Valproeti: dawa ya kifafa inayofungua jeni bila kuchagua

Walezi wanaotoka Newala, Masasi na hata Lindi kuleta wagonjwa katika kliniki yangu ya kifafa hapa Mtwara huniuliza kuhusu dawa za kufungua jeni, wakidhani ni habari ya ng'ambo tu, ilhali mmoja wa watoto wao huenda ameshaimeza dawa ya aina hiyo asubuhi, nayo ni sodiamu valproeti.

Ndani ya seli, DNA, yaani uzi unaobeba jeni, imejiviringisha kwenye protini ziitwazo histoni. Histoni zikibandikwa asetili, kipande kidogo cha kemikali, DNA hulegea na jeni husomeka. Vimeng'enya vya histoni diasetilesi vikiibandua, DNA hukaza na jeni hunyamaza. Mwaka 2001 ilibainika kwamba valproeti, iliyokwisha kutumika kwa miongo kadhaa, huvizuia vimeng'enya hivyo.

Matumaini ya kutibu usahaulifu yalikuja 2007, kikosi cha mtafiti wa ubongo Li-Huei Tsai huko Marekani kilipowapa panya waliopoteza seli nyingi za ubongo kizuizi kingine cha namna hiyo, sodiamu butireti, wakaanza kukumbuka mambo waliyojifunza kabla ya kuugua. Lakini panya si mzee wa miaka 75. Valproeti ilipojaribiwa Marekani kwa wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni, matokeo yaliyochapishwa 2011 yalionyesha kwamba haikuchelewesha ugonjwa, na ubongo wa walioitumia ulisinyaa zaidi kuliko wa waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Kwa maoni yangu, kasoro kubwa ni kwamba dawa hizi hazichagui: zinalegeza DNA ya ini, ya damu na, kwa mjamzito, ya mimba changa ambayo jeni zake zinapaswa kuwaka na kuzimika kwa zamu. Takribani mtoto 1 kati ya 10 waliopata valproeti tumboni huzaliwa na kasoro ya maumbile, ikiwamo mgongo wazi, na asilimia 30 hadi 40 huchelewa kukua kiakili. Inadhaniwa kwamba uzuiaji wa vimeng'enya hivyo ni sehemu ya sababu.

Kwa hiyo binti au mama anayeweza kushika mimba namtafutia kwanza dawa nyingine, kama lamotrijini pale inapopatikana, wala simhakikishii kwamba vidonge vya vitamini ya asidi ya foliki vitaifuta hatari hiyo. Anayeitumia tayari namsihi asiiache ghafla, kwa kuwa kifafa kisichodhibitiwa kinaweza kumuua yeye na mimba yake, bali aje tuibadilishe polepole.